Mzee Asiyeruka Namba

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo mtayapata kwa wengine. Mimi nilimjua miaka mitatu tu, kuanzia mwaka wa mafuriko ya Houston mpaka mwaka wa barakoa, na katika miaka hiyo hakuna binadamu niliyemwogopa kama yeye. Naandika hivyo mimi ambaye siogopi watu. Nilivuka mpaka kwa miguu nikiwa na kaptula moja, nikakulia kambini Kigoma, shule nikaishia darasa la nne, na leo nina malori manne na ghala hapa Carrollton lenye mlango ambao lori linaingia zimazima. Sikurithi hata kijiko. Lakini mzee yule, mwembamba kama ufito, mkanda wake umetobolewa matundu ya ziada kwa msumari, alikuwa akisema neno moja tu, "Tutafika," na mimi mgongo unalowa.

Watu walimwita Mtunza Nyaraka. Watanzania wa Richardson waliokuwa wakiswali naye walimwita hivyo, na sisi Warundi wa parokia tukafuata. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya nyumbani kabla ya kumfuata binti yake huku, na huku, baada ya kukunja mashuka ya hoteli miaka kadhaa, Mungu akamrudishia. Kulikuwa na mama mmoja Mmarekani, mjane, anaishi Houston. Marehemu mumewe alikuwa ametumia maisha yake yote kukusanya karatasi za michezo. Si mpira. Ile michezo ya mezani, ya ubao, dadu na kete, ambayo Wamarekani wanacheza na watoto wao siku ya mvua. Alikuwa na ya tangu enzi za babu wa babu zao, wakati ubao ulikuwa wa kufundisha dini, unatua kwenye mraba wa ulevi unarudishwa nyuma, unatua kwenye mraba wa bidii unasogezwa mbele. Alikuwa na barua za waliobuni michezo, barua za viwanda zikiwakatalia, katalogi za wachuuzi, kanuni zilizopigwa taipu zikafutwa zikapigwa tena. Mjane alitaka mtu wa kuzitunza asiyekuwa na papara. Mkutubi wa maktaba moja alikokuwa mzee anashinda kila Jumamosi akamwambia, ninaye mmoja.

Nilipoziona mara ya kwanza nikasema moyoni, huyu mzee wamempa takataka. Nilimuuliza kabisa, "Mzee, hivi vitu vya watoto vina faida gani?"

Akasema, "Bwana Mkubwa, ukitaka kulijua taifa usisome sheria zake. Soma kanuni za michezo yake. Nani anaanza mbele, nani anaruka zamu, nani anafungwa jela na anatokaje."

Bwana Mkubwa ndilo jina alilonipa. Sikujua kama ananisifu au ananisuta. Mpaka leo sijui.

Salamu yake ilikuwa moja. Ukimwambia shikamoo, anajibu, "Marahaba. Umenawa mikono?" Hakujali wewe ni nani. Alimwambia hivyo padri wetu. Alimwambia hivyo mkaguzi wa zimamoto aliyekuja kukagua ghala langu, jitu la kizungu refu, kwa Kiingereza kilichonyooka, na kabla yule mtu hajajibu akamchomoa kalamu ya wino mfukoni na kumpachika penseli. Mimi nilisimama pembeni nikijua leo nafungiwa biashara. Mkaguzi akacheka, akaenda kunawa.

Wino aliuogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Aliogopa jua, ndiyo maana karatasi zilipohamia ghalani kwangu, madirisha ya upande wake nilimbandikia karatasi nyeusi. Aliogopa pini na vibanio vya chuma, anavichomoa kimoja kimoja kwa ncha ya kisu cha mfupa, maana vikishika kutu vinakula karatasi. Aliogopa makombo: nikila sambusa nikamkaribia, ananyoosha kiganja kama polisi wa barabarani. Kulikuwa na kidude kidogo cha kupima unyevu wa hewa alichotembea nacho kwenye mfuko wa shati, akakiangalia mara nyingi kuliko watu wanavyoangalia simu. Na barabara kuu aliiogopa kuliko vyote. Nilimpeleka Houston na kumrudisha mara nyingi, na kila safari alishika mkanda kwa mikono miwili akinihesabia magari yanayotupita. "Mwache apite. Na huyu. Na huyu ana haraka ya kufa, mpishe."

Lakini nimwambie msomaji na upande wa pili, maana mzee hakuwa kitu kimoja. Huyu mwoga wa barabara, siku maji yalipoingia nyumba ya mjane, alisimama ndani ya maji yaliyomfika kiunoni na kubeba maboksi kichwani kuyapandisha ghorofani, ngazi baada ya ngazi, kutwa nzima, peke yake. Majirani walimwita kutoka kwenye boti akawaambia waende wakachukue watu kwanza. Nilipomuuliza baadaye kama hakuogopa, alinitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Niliogopa sana. Ndiyo maana sikupumzika."

Na huyu mlinzi wa michezo hakucheza mchezo wowote. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alimletea ubao siku moja pale ghalani, akamwambia kwa Kiingereza chake, babu njoo tucheze, nitakuachia uanze. Mzee akakataa kwa upole. Binti akamuuliza anaogopa kushindwa? Akamjibu, "Mjukuu wangu, nikicheza nitapata ninayempenda. Mtunzaji hatakiwi kupendelea."

Na huyu aliyehifadhi barua za watu wasiomhusu, barua zake mwenyewe alizichana. Nilimkuta anazichana, za kutoka nyumbani, stempu bado zina rangi. Nikamwambia, "Mzee, hata wewe?" Akasema, "Za kwangu hazina mtunzaji. Bora niziue mwenyewe kuliko aje mtu nadhifu."

Mtu nadhifu. Hapo ndipo hofu yangu inapokaa, na sasa lazima niieleze.

Maji yalipopungua Houston mzee alinipigia, nikashuka na malori mawili. Maboksi yalikuwa mia mbili na kumi na mawili, kila moja na namba ya penseli ubavuni. Yote yalikuwa makavu ila saba ya mstari wa chini, ambayo hakuwahi kuyafikia kabla maji hayajayafikia: namba mia na arobaini na tatu mpaka mia na arobaini na tisa. Mjane alikuwa amelazwa kwa mshtuko, na mzee hakutaka kumwacha. Akaniambia nyuma ya lori, "Haya saba ukifika yafungue leo leo. Yakauke kwa feni, si kwa jua." Akasema na neno la tatu. Mimi nilikuwa nafunga kamba, lori la pili linapiga honi, nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, bila kusikia.

Nilifika Carrollton nikafungua. Humo ndani kulikuwa na michezo ambayo haikuwahi kufika dukani. Ya watu wa kawaida, waliobuni nyumbani katika miaka yao ya shida, wakati kazi hazipo, wakapelekea viwanda na vikawarudishia. Mbao zilichorwa kwa mkono kwenye vitambaa vya meza na vipande vya magunia ya unga. Kete zilikuwa vifungo vya nguo, punje za mahindi zilizopakwa rangi, vizibo. Kila mchezo ulikuwa ndani ya kiboksi chake, cha viatu au cha sigara, na barua yake. Vyote vimelowa, vinanuka mto.

Sasa nieleweni mimi ni nani. Mimi niliinuka kwa kupanga. Hotelini Euless nilipanga mataulo mpaka meneja akawaita wenzake waje waone. Kwenye ghala la uwanja wa ndege nilipanga mizigo kwa macho, bila kusoma, kwa sababu kusoma kwangu kwa wakati huo kulikuwa kwa kubabaisha, na wenye diploma walinifuata kuniuliza. Nyumba ya mtu nikiihamisha, akifungua boksi anakuta vijiko na vijiko, vikombe na vikombe. Hiyo ndiyo sifa ya kampuni yangu, imeandikwa kwenye milango ya malori.

Basi nilitandika meza, nikawasha feni sita, nikakausha kila kitu bila kuchana hata karatasi moja. Na vilipokauka, nikavipanga. Dadu na dadu. Vifungo na vifungo, kwa rangi. Punje na punje. Barua pamoja, kanuni pamoja, vitambaa nimevikunja vizuri. Nikanunua makasha mapya ya plastiki yanayoonyesha ndani, binti yangu akaniandikia lebo. Vile viboksi vya viatu na vya sigara, vilivyovimba na kuota ukungu, pamoja na vifuniko vyake vyenye maandishi maandishi ya penseli chini, nikavitupa. Takataka ilichukuliwa Alhamisi. Nikasimama nikatazama kazi yangu, na nawaambia kweli, nilijisifu. Nilisema mzee akiona hii atalia.

Alikuja baada ya wiki mbili. Nilimkaribisha chai ofisini kwanza, funguo nimezishika mkononi, nachelewesha raha yangu. Akanywa kidogo akasema, "Bwana Mkubwa, unajua ninachokiogopa kuliko maji?"

"Moto."

"Moto unaunguza unamaliza, na kila mtu anajua umeunguza. Mimi naogopa mtu nadhifu." Akanisimulia habari ya karani mmoja aliyefanya naye kazi nyumbani. Walipokea majalada ya shauri la ardhi la ukoo mmoja, yamechakaa, yamefungwa kwa kamba ya katani. Karani akaona aibu. Akayafungua, ramani akaweka na ramani, risiti na risiti, barua na barua, akafunga kwa utepe mpya. "Shauri lilipoitwa, kila karatasi ilikuwepo. Haikupotea hata moja. Lakini hakuna aliyeweza kusema ramani ipi ilikuja na barua ipi. Ukoo ukakosa shamba. Karatasi peke yake haisemi, Bwana Mkubwa. Inasema ikiwa na jirani yake. Kifungo ndani ya boksi lake ni ushahidi. Kifungo ndani ya mtungi wa vifungo ni kifungo."

Nikauliza, "Na yule karani?"

"Alijua kosa lake siku ile ile. Akanyamaza. Sijawahi kumsamehe." Akaweka kikombe. "Yale saba yamekaukaje?"

"Yamekauka salama, mzee."

"Usiyaguse tena. Nitaanzia namba moja. Tutafika."

Hapo nilipaswa kusema. Ulimi ulikuwepo. Nilirudisha funguo mfukoni, na alipoondoka nikatafuta maboksi saba mapya ya karatasi, nikatumbukiza makasha ya plastiki humo, nikaandika namba ubavuni, kwa penseli, nikayapandisha kwenye rafu mahali pake. Kwa nje yalikuwa kama ndugu zao.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa yale ya kete. Mzee alikuja Jumanne na Alhamisi, anashuka treni Carrollton na kutembea, anafungua boksi moja, anatoa kila kitu kwa zamu yake, anaandika, anarudisha kama kilivyokuwa, hata kama kilikuwa kimekaa kichwa chini. Boksi moja lilichukua wiki, mara nyingine mbili nyepesi kwa wiki. Hakuruka namba kamwe. Kulikuwa na boksi la ishirini na sita lenye risiti tupu za mchapishaji, mambo ya kuchosha ng'ombe, na mimi nikamwambia aliruke. Akaniuliza kama mimi huruka ngazi nikibeba friji.

Nilianza kuota namba. Arobaini. Hamsini na tano. Nilikuwa nikiendesha lori katikati ya Dallas, mteja ananiambia habari zake, mimi napiga hesabu: akienda hivi, Pasaka atakuwa sabini. Alipofika mia nilikonda. Mke wangu akaniambia niende nikapimwe sukari. Nikajaribu ujanja. Nikamwambia, "Mzee, kwa nini usianzie mwisho urudi nyuma? Kubadilisha hewa kidogo."

"Wewe ukijenga nyumba unaanzia bati?"

Nikayahamisha yale saba nikayaficha rafu ya nyuma kabisa, nyuma ya magodoro ya mteja. Alhamisi iliyofuata nilikuta yamerudi mahali pake. Hakuuliza aliyeyahamisha. Aliniangalia tu, akakiangalia kidude chake cha unyevu, akaendelea na kazi. Sikupata usingizi wiki nzima.

Jumapili moja baada ya misa nilijifungia ghalani peke yangu nikamwaga kila kitu mezani ili nirudishe. Mimi niliyehamisha piano tatu kwa siku moja. Nilishika dadu mbili, zinafanana. Nilishika barua, mwandiko wa kuungana wa Kiingereza cha zamani, siuwezi. Nilijua baadhi, kwa namna ambayo mikono inajua. Lakini baadhi si zote, na mzee hakuwa mtu wa baadhi. Nikavirudisha kwenye plastiki, nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu nimechoka.

Mwanzoni mwa Machi, mwaka elfu mbili na ishirini, alifika mia na arobaini na moja. Nakumbuka alifunga kifuniko, akajinyoosha kiuno, akasema, "Unaona? Tunafika." Wiki ya pili yake ugonjwa ukaingia mjini, kila kitu kikafungwa, na binti yake akamkataza kutoka. Alikuwa mzee, kifua chake hakikuwa kizuri. Watu wetu wa viwandani na wa hospitali walikuwa wanaumwa, wengine tunawazika tukiwa ndani ya magari. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hofu ile ya kila mtu, nilikuwa na furaha yangu moja ya siri. Boksi la mia na arobaini na tatu halitafunguliwa.

Nilimpigia simu kila Jumamosi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umenawa mikono?" Tulicheka, maana sasa dunia nzima ilikuwa inasalimiana kama yeye.

Kisha kiangazi, siku ya Jumatano, yeye ndiye aliyepiga.

"Bwana Mkubwa, nina habari. Mjane ametoa hati. Maktaba ya chuo kule Houston imeyapokea yote. Lori lao linakuja kwako Ijumaa."

"Hongera, mzee." Nilikaa chini.

"Wanataka tamko langu tu, kwamba mpangilio ni ule wa marehemu mwenyewe, haukuguswa. Wasomi watakuja kutoka mbali kusoma, lazima wajue wanachosoma. Ni karatasi moja. Nitasaini kesho."

"Lakini mzee, hujafika mia na arobaini na tatu."

"Makavu yaliyobaki nayajua, niliyapandisha mwenyewe. Hayo saba nimeyaruka. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Yalikuwa mikononi mwako, na wewe uliniambia yako salama."

Sijui nilikataje simu. Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikaliona jambo lote mpaka mwisho wake. Watafungua Houston. Watakuta vifungo kwenye plastiki, na lebo za mwandiko wa mtoto. Watachukua tamko na kusoma jina lililo chini. Si langu. Watasema yule mzee Mwafrika tuliyemwamini hakujua kazi, au alijua akatudanganya. Mzee hakuwa na nyumba, hakuwa na gari, barua zake alizichana. Alikuwa na jina hilo tu, na mimi nilikuwa nimelikalia.

Asubuhi ya Alhamisi nilipakia yale maboksi saba kwenye gari nikaenda Richardson. Alikaa ghorofa ya chini, na sebule yake ilikuwa na mlango wa kioo unaotazama kijiuwanja cha nyasi. Sikupiga hodi mlango mkubwa. Nilizunguka, nikayapanga maboksi saba kwenye nyasi, nikavaa barakoa, nikagonga kioo.

Akaja na kikoi na sweta, karatasi ya tamko mkononi. Alikuwa amepungua tena. Sweta lilisimama lenyewe. Akasogeza kioo nafasi ya vidole vitatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenawa mikono?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Tangu mwaka wa mafuriko sijanawa."

Nikafungua boksi la kwanza nikalielekeza kwenye kioo. Jua lilipiga ile plastiki, dadu zikaonekana zote, zimejaa, nadhifu kama meno. Niliona macho yake yakienda kutoka kwenye dadu kwenda kwenye lebo, kutoka kwenye lebo kwenda boksi la pili. Nilimwambia yote, nimesimama, sikujitetea. Hapana, nilijitetea kidogo. Nilisema sikusikia neno la tatu.

"Viboksi vyenyewe?" akauliza.

"Nilitupa."

"Na vifuniko?"

"Nilitupa, mzee."

Akageuka. Alitembea mpaka ukutani na kuegemea kwa kiganja, mgongo kwangu, nikaona mabega yanapanda na kushuka. Nilifikiri ni kifua. Nilifikiri nimemuua, hapa, kupitia kioo, wala siruhusiwi kuingia kumshika. Niliita, "Mzee!" Hakugeuka. Gari lilipita. Mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, tap, tap, tap.

Nikasema, maana sikuweza kunyamaza, "Yule karani. Angekuja akakwambia, ungemsamehe?"

"Hakuja," akasema, bado ameupa uso ukuta.

Kisha akaenda mezani. Alilichukua lile tamko akalipindua upande wa nyuma, mweupe. Akavuta kiti mpaka kwenye kioo, akakaa, akachonga penseli polepole kwa kijiwembe, maranda yanaanguka kwenye kikoi.

"Kaa."

Nikakaa kwenye nyasi, mimi na suruali yangu ya kwenda benki.

"Wewe hujisifu kwamba huandiki kitu? Kwamba kila nyumba uliyohamisha unaikumbuka, sofa ilikaa wapi, kioo kilitundikwa wapi?"

"Ndiyo, mzee."

"Leo tutaona. Ulifungua lipi kwanza?"

Tukaanza. Na hapa nitajisifu mara moja tena, kwa sababu ni kweli. Nilifumba macho nikarudi kwenye ile meza, feni sita, harufu ya mto, na mikono yangu ikaanza kusema. Boksi la mia na arobaini na tatu, juu kabisa kulikuwa na kiboksi cha sigara, kimefungwa uzi mwekundu, ndani ubao wa kitambaa cha meza chenye maua, na punje tano za njano, tatu za kijani. Chini yake kiboksi cha viatu vya mtoto, dadu moja ya mbao iliyochongwa kwa mkono, upande wa sita umepasuka. Nilikuwa nazitafuta kwenye plastiki na kuzisimamisha dhidi ya kioo, yeye anaangalia kwa karibu mpaka pumzi inaweka ukungu, anaandika, ananiuliza. "Uhakika?" "Uhakika." "Au unataka kunifurahisha?" "Uhakika, mzee." Adhana ya adhuhuri ililia kwenye simu yake, akaenda akaswali, mimi nikabaki na vifungo kwenye nyasi nisithubutu hata kupiga chafya. Akarudi. "Mia na arobaini na tano. Endelea."

Nilimwomba aandike jambo moja. "Andika kwamba nilifanya kwa nia njema."

"Nia haikai ndani ya boksi," akasema. "Tunaandika kilichotokea na aliyefanya. Jina lako lote, kama lilivyo kwenye leseni."

Nikalitaja. Akaliandika. Maisha yangu yote nilitaka jina langu liandikwe mahali ambapo halifutiki.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa tulipofika mwisho. Kila kitu kilikuwa kimepata jirani yake, ila kifungo kimoja. Kidogo, cheupe, cha shati la mtoto, bado kina uzi wa buluu kwenye matundu. Nilikishika kwenye kiganja. Nilifumba macho, nikafumbua. Kulikuwa na michezo mitatu iliyotumia vifungo vyeupe, na ningeweza kutaja wowote. Mzee asingejua. Wasomi wa Houston wasingejua. Alikuwa amechoka, penseli imebaki kama nusu ya kidole, na alikuwa anasubiri neno moja tu afunge ukurasa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yote ile. Nilitaka sana kumaliza nikiwa nimeshinda.

"Hiki sikikumbuki, mzee," nikasema.

Aliweka penseli gotini, akanitazama kupitia ile nafasi ya vidole vitatu, na sura yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa imekaza kama kamba ya katani, ikalegea.

"Haya," akasema. "Sasa naweza kuyaamini yale mengine."